Niligawa bahasha za wanahabari, sasa sijui nijaze nini daftarini

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 23, mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja huku Magharibi, nasomea mawasiliano na uhusiano mwema. Kwetu ni Luanda, Vihiga, lakini nimelelewa Kondele, hapa Kisumu, kwa mjomba, ndiyo maana Kijaluo nakisikia kama mwenye nacho. Hilo la Kijaluo liweke akilini, nitalirudia.

Tangu mwezi wa tano niko atachimenti ya miezi mitatu katika ofisi ya uhusiano mwema ya kampuni moja hapa Kisumu. Sitaitaja. Inauza mawe na kokoto, na malori yake hupita barabara za Kano kutwa kucha. Ofisini tuko watatu: Madam, mpigapicha na mimi. Madam ni mtu wa Pwani, ana mwaka mmoja na nusu huku. Nisimsingizie. Amenifundisha kazi kuliko mihadhara yote niliyokaa. Taarifa yangu ya kwanza kwa vyombo vya habari aliirudisha imejaa wino mwekundu, kisha akaniketisha mpaka saa moja jioni tukiipunguza kutoka kurasa tatu hadi moja. "Mhariri hana siku nzima ya kukusoma wewe," aliniambia, akaninunulia chai.

Wiki ya sita tulikuwa na hafla. Kampuni ilikuwa inakabidhi matangi mawili ya maji kwa shule moja ya msingi huko Kano. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, naibu wa chifu na mfawidhi wa kukodiwa. Asubuhi, kabla hatujatoka, Madam alinipa bahasha 20 za kaki na karatasi ya majina. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na noti moja ya elfu. Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa "Nauli ya wanahabari". Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya gari hafla ikiisha: mtu atie sahihi, nimpe yake.

Walikuja 17. Wa nne kwenye foleni alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba aliyenilea, ambaye ni korespondenti wa redio. Alitia sahihi bila kunitazama, kisha akanigonga bega, "Sasa umeiva, brathe."

Zilibaki tatu, nikazirudisha. Madam alitia mbili kwenye droo, ya tatu akanisukumia juu ya meza. "Hiyo yako, umeshinda juani." Niliichukua. Usiku nilimtumia mama mia saba kwa M-Pesa, naye akanijibu, "Mungu akuzidishie katika kazi hiyo." Sijaufuta ujumbe huo, wala siwezi kuusoma.

Sasa lile la Kijaluo. Wazazi walipopewa nafasi ya kusema, alisimama mama mmoja mzee, leso kichwani, fimbo mkononi. Alisema matangi ni mazuri, lakini malori yamevunja kalvati mbele ya boma lake tangu masika yaanze, na mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani. *Pi donjo e oda*, alisema, akarudia. Akasema ameenda kwa naibu wa chifu mara tatu. Mfawidhi akachukua maikrofoni akicheka na kutangaza kwa Kiswahili: "Dani anasema *erokamano* kwa matangi!" Yaani bibi anashukuru. Meza kuu ikapiga makofi. Mama akabaki amesimama kidogo, kisha akaketi.

Wanahabari wengi waliokuwepo wanajua Kijaluo vizuri kunishinda. Hakuna hata mmoja aliyemtaja. Nilisikiliza redio ya binamu jioni ile: matangi, lita, jina la kampuni, basi.

Atachimenti ina daftari, na kila siku ya kazi ina mstari wake. Jumanne ile nimeiacha tupu. Ijumaa Madam alitia sahihi ya wiki, na kando ya mstari ule akaweka alama ya kuuliza kwa penseli. Hajasema neno, nami sijasema. Mhadhiri anakuja kunikagua wiki ya mwisho ya mwezi huu. Na juzi Madam aliniambia kuna kandarasi ya mwaka mmoja, 25,000 kwa mwezi, nikiitaka. Baba alishafariki. Dada yangu yuko kidato cha tatu, na deni la HELB, mkopo wa masomo wa serikali, linaningoja mlangoni.

Darasani tulifundishwa kisa cha Tylenol, dawa ya maumivu: Chicago, 1982, watu 7 walikufa kwa vidonge vilivyotiwa sumu, na kampuni inayoitengeneza ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Nilidhani kazi hii ni hiyo. Kama ni bahasha nyuma ya gari, nimepoteza miaka minne.

Nikatae kandarasi? Nimweleze mhadhiri? Niripoti? Au huku ndiko kukua, nijifunze kunyamaza?

Jambo dogo nilikuwa nimelisahau: picha ya yule mama ilitumika, akiwa kando ya tangi. Maneno yaliyo chini ya picha niliyaandika mimi, mbio mbio, maana yalitakiwa kabla ya saa kumi. Niliandika, "Mkazi mmoja akitoa shukrani."

Niliyeacha Mstari Mtupu,
Kisumu

Jibu la Mshauri

Mwanangu Mstari Mtupu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yamenirudisha mwishoni, pale uliposema "jambo dogo nilikuwa nimelisahau". Hukulisahau. Mtu aliyesahau haandiki neno kwa neno.

Acha kwanza niyapange uliyonieleza, unisahihishe nikikosea. Uko mwisho wa masomo, nyumbani wanakutegemea, na umepata mwalimu wa kazi anayekujali. Mwalimu huyohuyo amekutia mkononi kitu kinachokuchoma. Pesa zimepita kwako, kidogo zikabaki kwako. Sasa kuna watu watatu unaoogopa kuwatazama machoni: Madam, mhadhiri na mama yako. Mimi naongeza wa nne, yule dani wa Kano, ingawa yeye hukumtaja katika maswali yako.

Tuanze na bahasha. Nami niliwahi kuwa korespondenti, Nakuru, miaka mingi kabla Nakuru haijaitwa jiji. Nililipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa habari niliyoandika. Ukienda Molo, ukanyeshewa, mhariri akaitupa, umekula hasara yako. Bahasha ya kwanza niliipokea nikiwa na njaa, nikanunua mafuta ya taa na unga. Sikuambii haya ili nikuoshe, wala nijioshe. Nakuambia ili unapomtazama binamu yako uone pia chumba anachokodi na mwajiri asiyempa nauli. Kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinamkataza mwanahabari kupokea vitu kutoka kwa anayetaka kuigeuza habari yake. Binamu anazijua, alizisoma kabla yako. Kuzijua hakujamlipia kodi.

Lakini je, ile ilikuwa nauli? Swali hili nakuachia, ila nitakupa vipimo vyangu viwili. Nauli inalingana na safari: kutoka mjini hadi Kano kwa matatu, kwenda na kurudi, elfu moja inabaki na chenji nyingi. Halafu nauli haijali utakachoandika. Kuna ofisi zinazokodi gari moja, likawabeba wanahabari wote kutoka mjini na kuwarudisha, wakalishwa kama wageni wengine, kila mtu akaenda kuandika alichokiona. Dereva wa gari hilo haulizi habari itatoka vipi. Elfu moja inayotolewa nyuma ya gari *baada* ya mama mzee kusema maji yanaingia nyumbani kwake, na wote 17 wakatoka bila habari yake, mimi naona vigumu kuiita nauli. Hata hivyo sina uhakika kwamba ni bahasha iliyomnyamazisha. Pengine wangemwacha vilevile, kwa uchovu, au kwa kuwa mhariri aliagiza matangi. Wewe umeunganisha mambo hayo mawili moja kwa moja. Huenda yameungana, huenda yalikutana tu siku moja.

Sasa Madam. Katika barua yako yeye ndiye aliyejua kila kitu. Nakuomba urudi kwenye hema lile utazame tena. Ni mtu wa Pwani, mwaka mmoja na nusu Kisumu. Mama alisema kwa Kijaluo. Mfawidhi akatangaza shukrani. Madam alisikia nini? Inawezekana kabisa kwamba kati ya ninyi watatu wa ofisi ile, aliyeelewa ni wewe peke yako. Mpigapicha sijui, hukusema. Na kama ndivyo, kampuni ilikwenda Kano, ikaambiwa ukweli mbele ya umma mzima, ikarudi haijui. Mtu pekee aliyeubeba ukweli huo hadi ofisini aliufunika kwa maneno manne chini ya picha.

Usiniudhikie. Saa ilikuwa inakwenda, ulikuwa mgeni, na mfawidhi alikuwa ameshakutafsiria. Ila nataka uone kwamba jambo linalokukera huenda si lile unaloliuliza. Umeuliza kuhusu bahasha ulizopewa. Maelezo ya picha hukupewa na mtu, uliyatunga mwenyewe.

Unasema kama kazi ndiyo hii, miaka minne imepotea. Hapo napo tutulie. Huyo Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa kazi yetu hii, ambaye bila shaka ulimkariri kwa mtihani, aliyewatangazia wahariri wa Marekani mwaka 1906 kwamba kazi yake itafanyika peupe na habari zake zitakuwa sahihi, ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1914, baada ya wachimba makaa waliogoma na jamaa zao kuuawa Ludlow, Colorado, aliwatolea kina Rockefeller, wenye migodi, taarifa zenye uongo, hadi mishahara ya viongozi wa mgomo ikatiwa chumvi. Ni mtu mmoja, na miaka minane tu imepita katikati. Tylenol nayo inafundishika kwa urahisi kwa sababu nchi nzima ilikuwa imekodoa macho na kamera zilikuwa mlangoni. Kalvati ya Kano haina kamera. Kazi unayoisomea iko kotekote, na ofisi moja yenye watu watatu haiwezi kuwa ndiyo kazi yote. Kuna hospitali, kaunti, vyama vya ushirika, mashirika ya maji, vyuo. Kote huko kuna dawati kama lako, mengine safi zaidi, mengine machafu kupita hilo. Chama cha wataalamu hawa nchini, PRSK, kipo tangu 1971, kina maadili yake ya maandishi na kinapokea wanafunzi. Watafute, ukae na walioifanya kazi hii miaka 20, uwaulize wao waliponea wapi.

Na ile mifano minne ya kazi ya uhusiano mwema, ya wasomi Grunig na Hunt, 1984, unaikumbuka? Wa nne ndio wa kusema na kusikia kwa pande zote mbili, kampuni nayo ikubali kubadilika kwa ilichosikia. Ulipouandika kwenye karatasi ya mtihani ulipewa alama. Nadhani yule mama alikupa mtihani huohuo bila karatasi.

Sasa njia zako.

Ya kunyamaza na kuchukua kandarasi sitaicheka. Shilingi 25,000 kwa nyumba isiyo na baba ni kitu. Kuna watu wema walioingia hivyo, wakasubiri wapate sauti, wakabadilisha desturi wakiwa ndani. Kuna wengine wengi waliosubiri sauti hiyo mpaka wakastaafu. Hatari yake unaijua mwenyewe, maana tayari una ujumbe wa mama usioweza kuusoma.

Kuripoti: Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inagusa kampuni za binafsi pia, na inamtaka mwenye mamlaka katika taasisi atoe taarifa ndani ya saa 24 akishuku hongo. Mwanafunzi wa atachimenti si mwenye mamlaka, lakini mlango haujafungwa kwako. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi hapohapo Kisumu, na sheria hiyo ina vifungu vya kumlinda anayetoa taarifa. Ila kumbuka nawe una elfu moja ndani ya hadithi hii, na sahihi ya binamu yako iko kwenye karatasi. Ukielekea huko, zungumza na wakili kwanza. Mimi si wakili. Huenda mhadhiri wa sheria chuoni kwenu akakusikiliza bure.

Mhadhiri wako. Unamwogopa kana kwamba anakuja kukuhukumu. Anakuja kuona kama umejifunza, na mwanafunzi aliyekutana na jambo hili likamkosesha usingizi amejifunza mengi. Lakini nikuonye: vyuo vinabembeleza kampuni nafasi za atachimenti. Kuna mhadhiri atakayekushika mkono, na kuna atakayekuambia ufumbe macho ili wenzako wa mwaka ujao wasinyimwe nafasi. Unamjua wewe. Na huna lazima ya kumwaga yote kwa pamoja. Mstari wa daftari ni mfupi. "Nilisaidia kugawa pesa za nauli kwa wanahabari 17. Niliandika maelezo ya picha." Hakuna neno la kumshtaki mtu hapo, na hakuna la uongo. Je, mkono wako utakubali kuandika hivyo, ukijua Madam ndiye anayetia sahihi?

Hapo ndipo naiona ile alama ya penseli. Wewe umeisoma kama kitisho. Mimi naisoma kama swali, kwa sababu ndivyo ilivyo. Angeweza kupita bila kuweka kitu. Aliweka penseli, kitu kinachofutika, akakuachia. Pengine anakuchunguza kama utakaa kimya. Pengine naye ana mwaka mmoja na nusu akitaka mtu amuulize. Kati yako na yeye ni meza moja tu, na tayari mmeshawahi kukaa hapo mpaka saa moja jioni.

Ukiamua kusema naye, mimi nisingeanza na bahasha. Ukianza na bahasha utamfanya ajitetee, na mtu anayejitetea hasikii. Ungeweza kuanza na kosa lako: "Madam, maelezo ya picha niliyoandika hayakuwa sahihi. Mama hakushukuru. Hivi ndivyo alivyosema." Kisha umtafsirie neno kwa neno, ikiwa ni pamoja na zile safari tatu kwa naibu wa chifu. Kalvati ni kitu ambacho kampuni ya mawe na kokoto inaweza kutengeneza. Halafu ukae kimya umtazame. Atakachofanya kwa dakika zile chache kitakueleza kuhusu kandarasi ile zaidi ya ninavyoweza mimi. Akishtuka na kuuliza boma liko wapi, hilo ni jambo moja. Akikuambia "hayo yaache", ni lingine. Na akikugeuzia uso, ukakosa kazi, nitasikitika pamoja nawe. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Bahasha zinaweza kufuata siku nyingine, labda na pendekezo mkononi: gari moja la kukodi, hesabu ya gharama, karatasi moja, vile alivyokufundisha mwenyewe.

Hiyo mia saba ya mama usimrudishie mtu kwa pupa, na tafadhali usiichukue ukampelekea yule dani. Najua wazo hilo limekupitia. Litakutuliza wewe siku mbili, nyumba yake ibaki na maji.

Binamu utakutana naye tu, ni ndugu. Siku ukiwa tayari, muulize kitu kimoja, bila mafumbo: alimsikia? Usimuulize mbele za watu.

Nina neno moja tu ambalo limebaki. Katika barua ndefu hivi umenipa idadi ya bahasha, rangi yake, nafasi ya binamu kwenye foleni. Jina la yule mama halimo. Chini ya picha pia hakuna, ni "mkazi mmoja". Mpigapicha yeyote wa gazeti angekuambia picha haitoki bila jina la mtu. Kama ungetaka kulijua, Jumamosi matatu za Ahero, huko Kano, hujaa mapema. Ungekwenda bila fulana ya kampuni na bila ahadi yoyote mdomoni, maana huna kalvati ya kumpa. Ungekwenda kama kijana wa Kondele anayesikia Kijaluo, ukamwomba akueleze tena alichosema. Na uvae gambuti. Kama ulivyosema, kalvati bado imevunjika.

Niandikie, vyovyote itakavyokuwa.